EGR imejaa masizi: isafishe kwanza, na ukiamua kuiziba, izibe hivi

Jamani, ndani ya wiki hii watu watatu wameniuliza jambo lilelile, gari ikisimama kwenye foleni pale Darajani hapa Unguja inatetemeka kama ina homa, ukikanyaga mafuta inasita kwanza ndo inaondoka, fundi kaichungulia dakika mbili kasema "hii EGR hii, tuizibe tu", yaani ile valvu inayorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini, sasa niizibe au nisiizibe? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo nnaandika yote hapa mara moja. Mie si fundi wa kusomea, ni mtu wa kuhangaika na magari mabovu tu toka nilipopata Escudo yangu ya kwanza, lakini hichi kidude nshakifungua mara nyingi mpaka mikono inajua njia yenyewe.

Jibu langu la mkato ni hili: valvu nyingi zinazozibwa hapa kwetu hazikuwa na haja ya kuzibwa, zilikuwa chafu. Ya petroli isafishe, usiizibe. Ya dizeli ya zamani isafishe pia, halafu kama bado inakusumbua au kila miezi sita inarudi palepale basi izibe, lakini kwa namna ambayo kesho ukitaka kuifungua unafungua bolti mbili tu mambo yamerudi kama zamani. Sasa maelezo.

EGR ni njia inayochukua moshi kidogo kwenye ekzosi na kuurudisha ndani ya injini uingie tena pamoja na hewa mpya. Mtu akisikia hivo anashangaa, kwani injini ilishwe moshi wake mwenyewe kwa nini? Sababu ni joto. Ule moshi ushaungua, hauna oksijeni ya maana, ukiingia kwenye silinda unachukua nafasi na unanyonya joto kwa hiyo moto unapoa kidogo. Naitrojeni na oksijeni za kwenye hewa huanza kuungana kwa wingi pale joto la ndani likipita kama digrii 1,400 hivi, zinatoka zile gesi zinazoandikwa NOx, ndo zinazokereketa kifua na ndo zinazochangia ule ukungu mchafu wa miji mikubwa. Wamarekani walianza kuziweka hizi valvu kwenye gari zao miaka ya mwanzo ya 1970, Wajapani nao wakaziweka kwenye zao, na sie gari zetu karibu zote ni mtumba wa Japani, ndo maana ipo kwenye gari yako hata kama hukuiomba.

Kwenye injini ya petroli haifunguki muda wote. Injini ikiwa baridi imefungwa, ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma tu hujakanyaga mafuta, imefungwa, ukikanyaga mafuta mpaka chini imefungwa, inafunguka pale unapokwenda mwendo wako wa kawaida, tuseme umetoka Tunguu unaelekea Paje barabara nyeupe hamna wa kukusumbua. Hili ulishike vizuri kwa sababu ndo ufunguo wa kujua ugonjwa. Ikiingiwa na kaboni ikashindwa kufunga, moshi unavuja mpaka kwenye sailensa ambapo injini inataka hewa safi, ndo ule mtetemeko, ndo gari inazimika ukifika kwenye mzunguko wa Amani, asubuhi inawaka kwa tabu. Ikikwama imefungwa ni kinyume chake, sailensa inakuwa nzuri kabisa, lakini ukiwa mwendo wa kati unapanda kidogo unasikia injini inagonga gonga kama mtu anatikisa njugu kwenye kopo, maana moto wa ndani umekuwa mkali kuliko walivyoupanga. Gari za baada ya 2000 hivi ukizipima kwa mashine zinakutajia, P0401 maana yake moshi unaopita ni mdogo, P0402 maana yake ni mwingi. Lakini nambari si hukumu, nambari inakwambia pa kutizama tu.

Dizeli ni habari nyengine kidogo. Dizeli inatoa masizi mengi, na paipu ya pumzi ya injini inaleta mvuke wa oili kwenye njia hiyohiyo ya hewa, masizi na oili vikikutana vinafanya uji mweusi mzito kama lami, unaganda kwenye kuta mpaka njia ya hewa inabaki nusu yake. Nshafungua inteki, yaani hiyo njia ya hewa yenyewe, ya Toyota Surf moja kule Pemba, tundu lilikuwa la kuingiza vidole vitatu limebaki la kidole kimoja. Gari kama hiyo lazima itoe moshi mweusi, lazima ishindwe kupanda, hewa itapita wapi?

Kabla hujailaumu EGR lakini, tizama vitu rahisi. Plagi, ea klina, mpira wa vakyumu (ile mipira myembamba inayonyonya hewa) uliopasuka, throtol bodi (pale penye kijidirisha cha kupitisha hewa) chafu, kwa dizeli nozeli zilizochoka na filta ya mafuta. Haya yote yanatoa dalili zilezile. Mtoto wa ami yangu alinunua EGR nzima akafunga, gari ikaendelea kutetemeka vilevile, kumbe mpira wa nyuma ya inteki umepasuka upande wa chini usioonekana, mpira wenyewe mfupi kama kidole. Mipira ya vakyumu kwa joto letu hili inakauka inakuwa kama makaroni, iguse mmoja mmoja, ukivunjika mkononi ushapata jawabu.

Sasa kupima EGR yenyewe. Hizi za zamani nyingi ni za vakyumu, utaitambua kwa ule mwili wa juu wa bati, mviringo, kama visosi viwili vilivyofunikana, na mpira mmoja au miwili myembamba inaingia juu yake. Chini yake kuna shingo ya chuma imefungwa kwa bolti mbili au nati mbili. Kama haionekani fata paipu nene ya chuma inayotoka ubavuni mwa ekzosi, itakufikisha. Nenda famasi ununue bomba la sindano kubwa la mililita 50 bila ya sindano, utafute mpira unaoingia kwenye mdomo wake. Washa gari, iache ipate moto, ikiwa kwenye sailensa chomoa mpira wa juu ya EGR uweke wako, halafu vuta lile bomba. Injini ya petroli lazima ishtuke, itetemeke au izime kabisa. Ikifanya hivo valvu inafunguka na njia iko wazi, ugonjwa huenda uko pengine. Isipobadilika hata kidogo, ama imekwama ama njia imeziba, na hapo ndo kazi ya kusafisha. Ukivuta ukaona ubishi wa bomba unapotea polepole, au halina ubishi wowote, ile diaframu ya ndani, kile kiwambo cha mpira, imetoboka, hiyo hata uioshe kwa maji ya zamzam haitopona, tafuta nyengine. Wapo wanaovuta kwa mdomo, inafanya kazi, mie siku hizi sifanyi maana nshawahi kumeza masizi.

Kwenye dizeli mabadiliko ni madogo, utasikia mlio umebadilika na moshi umeongezeka kidogo, haizimi. Na kama EGR yako ni ya umeme, ina soketi ya waya badala ya mpira, mtindo wa bomba la sindano haukusaidii, utahitaji mashine.

Haya, kusafisha.

Jambo la kwanza na lililo kubwa kuliko yote kwa sisi tunaokaa visiwani ni kutu. Upepo wa bahari hauna huruma na bolti zilizokaa kwenye joto la ekzosi miaka ishirini na kitu ndo mbaya zaidi. Usiku kabla ya kazi zipulizie mafuta ya kulainisha kutu, asubuhi pulizia tena, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo mara kadhaa, ndo uweke soketi. Mie mara ya kwanza nilikuwa na pupa, Ijumaa baada ya sala nimefika nyumbani nikasema nusu saa tu hii, nikaweka spana nikavuta kwa nguvu, tak. Bolti imekatika ndani ya manifoldi. Kazi ya nusu saa ikawa siku nne, kutafuta mtu wa kuichomelea nati juu ya kile kisiki ili izungushike, wa kwanza akashindwa, wa pili ndo akaitoa, na gari muda wote huo imekaa uwani imefungwa nailoni mdomoni. Kwa hiyo nnapokwambia usiku kabla, nna maana usiku kabla. Ukihisi bolti inanata usilazimishe, rudisha nyuma robo, pulizia, zungusha mbele, rudisha tena, hivohivo kama unaibembeleza mpaka inakubali.

Zana si nyingi. Rachi na soketi 10, 12 na 14, bisibisi bapa, koleo, mswaki wa zamani, brashi ya waya ndogo, kopo la kabureta klina, matambara ya kutosha, glovu na miwani. Miwani usiidharau, ile klina ikirudi jichoni utaiona dunia nyeusi. Na gasketi mpya, ukikosa nunua shiti la gasketi la kuhimili joto ukate mwenyewe, usitumie karatasi ya boksi tafadhali.

Injini iwe baridi kabisa. Chomoa hasi ya betri. Piga picha kwa simu kila upande kabla hujagusa kitu, mie nnafunga na nyuzi za rangi kila mpira, maana mipira ya vakyumu yote inafanana na ukiichanganya gari itakuwa mbovu kuliko ulivyoianza. Toa mipira kwa kuizungusha kwanza ndo uivute. Toa bolti, valvu isipotoka igonge taratibu ubavuni kwa mpini wa nyundo, usichokonoe na bisibisi chini ya kile kisosi utakikunja.

Ikishatoka tizama ndani utaona kijiti chenye kichwa kama cha uyoga kimekaa juu ya kiti chake, hapo ndo kaboni inapojikusanya. Igeuze kisosi kiwe juu, chuma kiwe chini, na ibaki hivohivo muda wote unaosafisha, maana klina ikiteremka kwenye diaframu inakula mpira. Kwa hiyo usije ukaitumbukiza nzima kwenye ndoo ya petroli ukaenda kulala, nshamuona mtu kafanya hivo, asubuhi katoa chuma kinachong'ara na diaframu iliyovimba kama andazi. Mimina mafuta ya taa kidogo kwenye kifuniko cha kopo, ikalie shingo ya chuma tu nusu saa, halafu klina na mswaki, kwangua taratibu, tena klina. Ukivuta kwa lile bomba la sindano kijiti kinapanda, unapata nafasi ya kusafisha kiti chake. Usisugue kiti kwa msasa, ukikikwaruza hakitoziba tena. Na kazi hii ifanywe pahala penye hewa, mbali na jiko la mkaa na mbali na mvuta sigara wa baraza anayekuja kukutizama.

Kuna jaribio moja dogo nnalipenda. Ikiwa imekauka, ishike kijiti kimefunga, mimina mafuta ya taa kidogo upande mmoja wa kiti, subiri dakika moja. Yakivuja matone matone upande wa pili bado chafu, rudi kazini. Yakibaki, imefunga.

Watu wengi wanasafisha valvu wanasahau njia, halafu wanalalamika. Kule ilikotoka kuna tundu mbili kwenye chuma, moja inatoka kwenye ekzosi nyengine inaingia inteki, na hizo ndo mara nyingi zimeziba. Tia tambara kwenye tundu ya inteki kwanza ili vipande vya kaboni visidondoke ndani, halafu chokonoa. Kitu kizuri kuliko vyote ni spoku ya baskeli, unaikunja ncha kidogo inakuwa kama ndoano, inaingia kwenye kona ambazo bisibisi haifiki. Ukiwa na mashine ya kunyonya vumbi nyonya, huna, tambara lililoloa klina unalizungusha na spoku. Kaboni ngumu inatoka kama vipande vya vifuu vilivyoungua. Usisahau kulitoa tambara! Nnacheka lakini limeshatokea.

Ukifungua huku na throtol bodi iko palepale isafishe, na ile valvu ndogo ya pumzi ya injini itikise usikie kama inalia kcha kcha, ikiwa kimya imeganda, ndo inayokuletea oili kwenye inteki.

Kwa dizeli iliyoziba vibaya inteki yenyewe itolewe, ioshwe nje ya gari. Kuna watu wanapulizia klina nyingi kwenye mdomo wa hewa injini ikiwa inaunguruma eti iteremshe uchafu, kwa dizeli usifanye hivo kabisa. Dizeli inaunguza chochote kinachowaka kitakachoingia na hewa, ukiilisha klina kwa wingi inaweza kupanda mzunguko yenyewe na hata ukizima swichi haisikii.

Kufunga ni kurudi nyuma. Kwangua gasketi kuukuu yote, weka mpya, anza bolti kwa vidole mpaka ziingie vizuri, ndo ukaze huku kidogo na huku kidogo. Usikaze kama unafunga tairi, chini yake pengi ni aluminiamu, nyuzi zikilika umejitafutia kazi nyengine. Washa, dakika chache itatoa moshi wa mabaki ya klina, usishtuke. Kama ulichomoa betri sailensa inaweza kuwa ya ajabu kidogo mwanzo, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inajipanga upya, ipige safari ya Bububu na kurudi ndo uihukumu.

Kwa petroli mie nnaishia hapa, na nieleze kwa nini. Kwenye petroli saa ya kupiga cheche imepangwa ikijua EGR ipo. Ukiitoa, mwendo wa kati moto unakuwa mkali, injini inagonga, kugonga kukiendelea pistoni zinaumia. Na kinyume na wanavyosema vijiweni haikuongezei nguvu, maana ukikanyaga mafuta yote ile valvu ilikuwa imejifunga mwenyewe toka zamani, sasa nguvu itoke wapi? Na mafuta yanaweza kuongezeka kidogo, kwa sababu EGR kwenye mwendo wa kati inaipunguzia injini kazi ya kuvuta hewa kupitia kijidirisha cha throtol kilichobana. Kwa hiyo hupati kitu, unapoteza. Escudo yangu ya kwanza niliinunua imeshazibwa, sikujua. Ilikuwa inanigongea kila nikibeba watu, nikaifungua ndo nikakuta aliyeiziba alikata kopo la soda akalipachika chini ya valvu. Aluminiamu ya kopo ni nyembamba kama karatasi, na inayeyuka kwenye digrii 660 tu, joto la moshi wa injini inayofanya kazi nzito linaweza kufika karibu na hapo. Lilikuwa limetoboka katikati, kingo zimekunjamana. Kile kipande cha katikati mpaka leo sijui kilikwenda wapi, ama kilitoka na moshi ama kilipita ndani ya silinda, na sitaki kufikiria.

Dizeli ya zamani ndo nnaweza kukubali. Mfano ni Surf ya ami kule Pemba, injini ya 1KZ lita 3.0, ndo ileile niliyoisema ina uji mweusi. Tuliiosha inteki, tukaosha valvu, ikawa nzuri, baada ya miezi kadhaa ikarudi, valvu kiti chake kimelika haifungi tena, mpya haipatikani karibu na ya mtumba unayoletewa kwa boti unaweza kukuta mbovu kuliko uliyonayo. Ami akasema, "Mwanangu, mie gari nnaitaka ipande milima ya kutoka Mkoani, hayo mengine utajua wewe." Basi tukaiziba.

Bati liwe chuma, si aluminiamu. Chuma cha kawaida milimita 3, au stenlesi milimita 2 ukipata, stenlesi ni bora kwa kutu yetu. Chukua gasketi iweke juu ya karatasi ngumu ya manila, chora umbo na tundu za bolti tu, tundu ya katikati usiichore, hiyo ndo unayoiziba. Hamishia kwenye bati, kata kwa grainda, toboa kwa keekee, piga tupa kingo zote mpaka zisikate mkono, halafu lilaze juu ya kioo uone kama limelala sawa. Bati lililopinda nusu milimita linavuja, na moshi wa ekzosi ukivuja chini ya boneti unaweza kuingia ndani ya gari, na ndani yake mna sumu isiyo na harufu ya kukushtua, usiifanyie mzaha.

Pahala pa kuliweka ni upande wa ekzosi, yaani pale paipu ya EGR inapotokea, au karibu na hapo kadiri spana inavyofika. Ukiweka mwisho kabisa upande wa inteki moshi wa moto unakaa umejaa kwenye paipu na valvu bure tu. Gasketi moja chini ya bati, moja juu yake. Halafu angalia urefu wa bolti, umeongeza unene wa milimita 3 na gasketi, kama bolti ilikuwa fupi sasa inashika nyuzi chache, nunua ndefu kidogo zenye nambari 8.8 kichwani, si zile laini za kufungia milango.

Valvu yenyewe iache palepale ilipo. Mpira wa vakyumu uache umechomekwa, soketi ya waya iache imechomekwa, kontrol boksi iendelee kuamini mambo yako sawa. Watu wanaitoa nzima, wanatupa, halafu mpira unabaki wazi unavuta hewa na breki zinaweza kuwa nzito maana dizeli inagawana vakyumu ya pampu ileile moja. Ukiwa umeitoa kwa lazima basi mpira uzibe kwa bolti na klipu ya kubana. Kwenye dizeli za karibuni zaidi zenye sensa ya kupima hewa inayoingia, ukiziba kabisa kompyuta inaona hewa imezidi hesabu, inawasha taa, nyengine inapunguza nguvu. Wako wanaotoboa kitundu cha milimita 8 hivi katikati ya bati ili moshi kidogo upite. Kwa gari za namna hiyo ushauri wangu ni kurudi kwenye kusafisha, usijitie kwenye vita na kompyuta.

Baada ya kuziba fanya mambo mawili. Tizama geji ya joto wiki ya mwanzo, na hasa kama ni 1KZ, hizi hedi zake zinajulikana kwa kupasuka zikichemka, kwa hiyo kabla hata ya EGR hakikisha rejeta, maji na feni viko sawa. Na sikiliza mlio, ikizidi kugonga kama mtwangio peleka saa ya pampu ya dizeli ikaguliwe. Usitegemee miujiza lakini. Surf ya ami haikuwa ndege, ilichopata ni kuondoka bila ya kusita na ule moshi mweusi wa mwendo mdogo kupungua sana, kwa sababu valvu ilikuwa inavuja muda wote. Kama yako ilikuwa inafunga vizuri, ukiiziba hutohisi tofauti kubwa.

Na la hewa nalo niliseme hapahapa maana nnajua wengine watalipita. Masizi unayaona, NOx huioni. Gari iliyozibwa inatoa moshi unaoonekana msafi lakini gesi ile ya kukereketa imeongezeka, na magari yetu yanasimama injini zinaunguruma palepale watoto wa skuli wanaposubiri dala-dala. Marekani na Ulaya kuiondoa kwenye gari inayotembea barabarani ni kosa la sheria. Ndo maana nnasema isafishe kwanza, na ukiuza gari iliyozibwa mwambie mnunuzi, mwoneshe bati lilipo, asije akafungua kama nilivyofungua mie akakuta kopo la soda.

Valvu ya mtumba iliyo nzima tulikuja kuipata baadaye Mikunguni, nikaijaribu kwa mafuta ya taa dukani mbele ya mwenye duka, haikuvuja tone. Bolti fupi za asili za Surf ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati la ami, zimepakwa grisi, na safari ijayo ya Pemba nnaenda na ile valvu, tulitoe bati.